Fundi Obadiah Mwandawiro, Aliyeogopa kwa Niaba Yetu Sote

King'ora kitakapolia saa kumi na nusu alasiri, Alhamisi tarehe 30 Juni 1988, Fundi Obadiah Mwandawiro atakuwa ameutumikia mkonge wa kiwanda chetu cha Kirumbi kwa miaka ishirini na saba, miezi minne na siku tisa. Siku hizo tisa amezihesabu mwenyewe. Kamati ya kuaga ilitaka kuandika "takriban miaka ishirini na saba", naye akakataa katakata, akasema takriban ndiyo inayoua watu viwandani.

Kamati hiyohiyo imenikabidhi mimi, Kilonzo, fomeni wa idara ya presi, kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Nimeombwa uwe mfupi na wenye kuchekesha kidogo. Nitajitahidi. Ila naomba ijulikane mapema kwamba nimeuandika mara nne, na mara zote nne nilipofika mwaka wa 1977 nilisimamisha kalamu nikatoka nje kupunga upepo.

Mzee Obadiah alizaliwa Mwanda mwaka wa 1933, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na maharagwe. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutia mafuta magurudumu ya mabehewa pale Voi. Tarehe 21 Februari 1961 alihamia kwetu, kwenye mashine ya kuchakata majani ya mkonge, akiwa na jukumu la kupaka grisi tu. Baada ya miaka miwili alikuwa akitambua beringi iliyochoka kwa kuisikiliza, na mwaka wa 1970 akawa fundi wa daraja la kwanza. Hakuwahi kuchelewa kazini isipokuwa siku moja, nayo nitaifikia.

Kitu kilichomfanya ajulikane tangu Maungu hadi Voi, hata hivyo, si ufundi. Ni woga. Wengine wetu huogopa kwa siri. Fundi huogopa hadharani, mchana kweupe, bila haya. Mwaka wa 1969 ndovu watatu walivunja seng'enge wakaingia kwenye nyaya tunazoanikia katani. Wanaume wote, hata sisi vijana wa nyumba za wafanyakazi, tulikusanyika na marungu, tukijadiliana nani ataenda mbele. Obadiah hakujadiliana na mtu. Alikuwa keshapanda juu ya paa la ghala, na kutoka huko alituita kwa majina, mmoja mmoja, kwa upole, kama mwalimu anayesoma orodha ya darasa. Baada ya dakika tano tulikuwa juu ya paa sote, na aliyekuwa na maneno makali kuliko wote alifika na suruali iliyopasuka. Tangu siku ile wakamwita Bwana Woga. Aliitikia jina hilo bila kinyongo.

Mwaka wa 1974 kiwanda kilinunua presi mpya ya kushindilia marobota. Presi ya zamani ilikuwa na vali ya kufungua na kufunga tu: bamba la chuma linaloshindilia katani lilishuka kwa kishindo, likapanda kwa kishindo. Hii mpya ilishuka polepole au haraka kadiri ulivyotaka. Mwendeshaji wetu, Wambua, alikuwa akiiendesha kwa kidole kimoja na kikombe cha chai mkono wa pili. Tuliipenda presi ile. Obadiah peke yake ndiye hakuipenda. Aliomba kitabu chake cha maelekezo, kikiwa chote Kiingereza, akakaa nacho wiki tatu pamoja na kamusi ya bintiye Lois, kisha akatuita tulio chini yake akatuchorea kwa chaki sakafuni.

Nitaeleza kama alivyotueleza, kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa mengine. Ndani ya vali ile mna vali mbili. Ile kubwa ni pistoni ya chuma inayoteleza ndani ya mrija wake. Ikienda upande mmoja, mafuta yanalisukuma bamba chini. Ikienda upande wa pili, bamba linapanda. Ikikaa katikati, hakuna kinachosogea. Mafuta hayo yana nguvu mno, mkono wa mtu hauwezi kuisogeza pistoni hiyo kwa ulaini. Kwa hiyo kazi hupewa vali ndogo, ambayo mafundi huiita pailoti. Pailoti ina kibati chembamba kilichosimama katikati ya matundu mawili madogo kama ya sindano, na kila tundu linachuruza mafuta kidogo. Ukisogeza hendeli, umeme kidogo unakiinamisha kibati kuelekea tundu moja. Tundu hilo linabanwa, mafuta nyuma yake yanakosa njia, yanakusanya nguvu na kuisukuma pistoni kubwa. Pistoni ikiteleza inavuta waya mwembamba wa springi, waya unakirudisha kibati katikati, na pistoni inasimama palepale ilipoagizwa. Ukiomba kidogo unapewa kidogo. Ukiomba kingi unapewa kingi.

Sisi tulisema ni akili nzuri sana. Obadiah alifuta chaki kwa kiatu chake na kusema kwamba hicho ndicho kinachomnyima raha. Pailoti haijui kutofautisha amri na uchafu. Tundu likibanwa na kibati au likizibwa na takataka, kwake ni mamoja. Itaisukuma ile kubwa hadi mwisho, na anayeshika hendeli hataulizwa. Tulicheka. Wambua alimuuliza kama anaogopa hata tundu la sindano. Alijibu kwamba ndiyo, hilo hasa.

Sasa niingie mahali penyewe.

Wageni wa Kirumbi hushangaa kuona kwamba kila kitu hapa kimezibwa kwa katani. Nyuzi zilizokataliwa na wapimaji hazina mwenyewe, na zimejaa kila kona, kwa hiyo ndizo kizibo chetu. Chupa ya maji inazibwa kwa katani. Birika lililovunjika kifuniko, katani. Tangi la mafuta la pikapu ya shamba lina katani hadi leo. Mtoto akizaliwa katika nyumba za wafanyakazi, karibu kitu cha kwanza anachokishika ni unyuzi wa mkonge. Hatukuwa tunaona ni uchafu. Kwetu ulikuwa usafi wenyewe.

Februari 1977 kifuniko cha tangi la mafuta la presi kilikatika meno. Kingine kiliagizwa Nairobi, na tukaambiwa tusubiri mwezi. Mtu mmoja wa kutia mafuta, kijana wa miaka ishirini na minne aliyetaka kuonekana mwangalifu, hakutaka vumbi liingie tangini. Akachukua nyuzi safi, akazichana, akazikunja vizuri, akaziba mdomo wa tangi. Alijisifu moyoni. Tangi hupumua: mafuta yakishuka linavuta hewa, yakipanda linaitoa, na kila lilipovuta lilikuwa likimeza nyuzi mbili tatu. Chujio likajaa. Kwa kuwa chujio limetengenezwa lisiinyime pampu mafuta, kilango chake cha dharura kilifunguka, na kuanzia hapo mafuta yalipita bila kuchujwa. Hakuna aliyeona chochote.

Jumatatu tarehe 14 Machi, mnamo saa nne asubuhi, Dinah Wakesho aliinama ndani ya sanduku la presi kupanga mafungu ya katani yaliyokaa upande. Dinah ni mtu wa Makwasinyi, wakati huo akiwa na watoto wawili wadogo. Ilikuwa kazi yake, na aliifanya mara hamsini kwa siku. Hendeli ilikuwa katikati. Kikombe cha Wambua kilikuwa mkononi. Na bamba likaanza kushuka.

Wambua alivuta hendeli juu. Bamba likaendelea kushuka. Akaivuta hadi mwisho, akaining'inia kwa mikono miwili, na bamba likashuka tu, bila haraka na bila kusita. Mtu mmoja akakimbilia swichi, mota ikazimika, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, maana bamba halikusimama. Ubavuni mwa presi kuna mtungi wa gesi unaoweka akiba ya nguvu, na akiba hiyo ilikuwa bado inasukuma. Dinah alikuwa amejaribu kutoka akakwama begani. Akarudi ndani, akalala kifudifudi juu ya katani. Nilimwona anavyojibana awe mwembamba. Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka pale, na sikusogea.

Bwana Woga alitoka karakana mbio. Hakuitazama hendeli wala swichi. Alipiga magoti chini ya presi, akaushika mrija mwembamba unaoilisha pailoti, akaweka spana kwenye nati yake na kuifungua. Mafuta ya moto yalimrukia mikononi hadi viwiko. Hakuacha. Pailoti ilipokosa mafuta haikuwa tena na nguvu ya kumwamrisha mtu, springi mbili zinazoibana huku na huku zikairudisha pistoni kubwa katikati, na bamba likasimama. Lilikuwa limeshamgandamiza Dinah. Lingeshuka kiasi cha kiganja kimoja zaidi, wasifu huu usingekuwa na la kusema.

Kulipandisha bamba kwa pampu ya mkono kulichukua dakika ishirini. Kwa dakika zote ishirini Obadiah, ngozi ya mikono ikimtoka, alilala ubavu mbele ya mwanya akimsemesha Dinah kwa Kidawida, lugha yao ya nyumbani. Walioelewa walisema alikuwa akimweleza habari za ng'ombe wake mmoja wa Mwanda aliyekataa kukamuliwa, na kwamba sauti yake ilitetemeka mwanzo hadi mwisho. Dinah alitoka hai. Mtulinga ulivunjika na mkono wa kulia haujawahi tena kupanda juu ya bega. Alipopona alihamishiwa kwenye mizani, na yuko hapo hadi leo.

Kesho yake Fundi aliifungua pailoti juu ya karatasi nyeupe. Katika tundu moja palikuwa na unyuzi wa katani mfupi kuliko ukucha. Aliutoa kwa sindano. Alinyanyua macho, akamtazama yule kijana wa kutia mafuta, akautia unyuzi ndani ya kiberiti.

Wenzangu, mmekwisha kukisia. Kijana huyo ni mimi.

Alhamisi ya wiki ileile tuliitwa kwa meneja wa wakati ule: Wambua, mimi, na Obadiah mwenye mikono iliyofungwa bendeji. Meneja aliuliza swali moja, nani aliziba tangi kwa katani. Nilifungua mdomo. Nawaapieni nilifungua mdomo. Nilimfikiria mama yangu na wadogo zangu watatu, na kabla sijapata sauti nikasikia ya mwingine.

"Tangi niliziba mimi," alisema Obadiah.

Meneja aliandika jina lake. Wambua alimwangalia, maana alijua Fundi hawezi kufanya jambo kama hilo hata akiwa usingizini. Lakini hakuna aliyesema kitu, na mimi ndiye niliyekuwa na la kusema. Alipewa barua ya onyo la mwisho. Cheo cha fomeni alichokuwa apewe mwezi wa Aprili kiliondolewa, na hakikurudi. Mwaka wa 1983 nilipewa mimi. Mliokuwapo mtakumbuka kwamba siku hiyo yeye ndiye aliyepiga makofi ya kwanza.

Mchana ule wa Alhamisi nilimfuata nyuma ya karakana nikilia, nikamwambia narudi ofisini kusema ukweli. Alinishika begani kwa mkono uliofungwa bendeji, akaniambia maneno ambayo sijamwambia mtu kwa miaka kumi na mmoja.

"Ukifukuzwa, Kilonzo, utaondoka na woga wako, na ataletwa mwingine asiye nao. Mimi nautaka huo woga ubaki hapa, kwenye presi."

Nami nilikubali. Ningependa kuandika kwamba nilikubali kwa sababu maneno yake yalikuwa na hekima. Nilikubali kwa sababu yalinifaa.

Woga ulibaki, hilo sina budi kusema. Yeye na mimi tuliandika kanuni za presi mnazozifuata. Hakuna anayeinama ndani ya sanduku kabla gogo la mti mgumu halijasimamishwa chini ya bamba. Hakuna anayekaribia tangi bila kupekuliwa mifuko na kupigwa brashi ovaroli, na meneja mpya mwenyewe alipigwa brashi mbele ya wageni wake. Chujio linabadilishwa kila mwezi hata likiwa safi. Mrija wa pailoti umewekwa koki nyekundu ambayo kila mfanyakazi, hata mpishi, lazima aweze kuifikia akiwa amefumba macho. Na fyuzi kubwa ya presi iliondoka na Fundi mfukoni kila Jumamosi, ili mtu asiiwashe yeye akiwa hayupo. Ndiyo iliyosababisha siku ile moja ya kuchelewa: mkewe, Mama Mable, alifua shati na fyuzi ndani yake, kiwanda kizima kikakaa hadi saa tano kikingojea fyuzi ikauke juani Mwanda. Tangu Machi 1977 presi haijamjeruhi mtu hata ukucha. Waliokuwa wakimcheka sasa huwafundisha wapya kwa sauti yake, pamoja na kutetemeka kwake.

Lakini kuna jambo ambalo kanuni hazikulirekebisha. Dinah aliamini kile alichoambiwa, kwamba aliyemtoa ndiye aliyemtia. Alimshukuru mara moja, hospitalini, kisha hakumsalimia tena. Kwa miaka kumi na mmoja alipitia nyuma ya ghala ili wasikutane mlangoni. Kwa sisi watu wa Kirumbi, ambao tunasalimiana hadi tunachelewa kazini, hilo lilikuwa jambo la kuumiza kulitazama. Kila asubuhi Obadiah alimwamkia akiwa mbali, na kila asubuhi aliondoka bila jibu, na mimi nilikuwa nikipanga spana.

Mwezi wa Mei nilimwomba ruhusa ya kusema. Alikataa, akasema zimebaki wiki chache, niache mambo yalale. Nimemtii katika kila jambo la kazi kwa miaka yote hii. Katika hili nimemkaidi, na naomba anisamehe. Hofu yangu ilikuwa kwamba ataondoka Alhamisi na barua ile ya onyo ingali kwenye faili lake, na mimi nimekaa meza kuu nikimsifu. Hofu hiyo ilizidi ile nyingine ya kufukuzwa. Nakala ya maandishi haya ilikuwa mezani kwa meneja kabla hayajapelekwa kupigwa chapa, pamoja na barua yangu ya kukiri. Uamuzi juu ya cheo changu ni wake, na nimemwomba asiutoe hadi sherehe ipite, ili siku iwe ya mstaafu.

Jumapili iliyopita nilikwenda Makwasinyi. Dinah alikuwa kibarazani akichambua pojo kwenye ungo kwa mkono wake wa kushoto. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana sikuthubutu kuketi. Aliniuliza swali moja tu: kama Obadiah alinilazimisha kunyamaza, au nilinyamaza mwenyewe. Nikasema nilinyamaza mwenyewe. Aliendelea kuchambua hadi ungo ukaisha. Nilisikia kila punje ikianguka.

Kisha akasema, "Salamu zake ninazo za miaka kumi na mmoja. Mwambie nakuja Alhamisi, nimpe zote."

Mimi hakunipa mkono wa kwaheri, na sikuwa na haki ya kuudai.

Kwa niaba ya menejimenti, idara ya presi, watu wa mizani, waanikaji na jikoni, tunakushukuru, Fundi, kwa kila siku ya ile miaka ishirini na saba, miezi minne na siku tisa. Tunamshukuru pia Mama Mable, aliyekuvumilia ukiamka kwenda kupapasa mfuko wa shati. Ukapumzike Mwanda kwa afya na amani, ulale bila fyuzi, na ng'ombe wako wakubali kukamuliwa. Usiwe na wasiwasi juu yetu. Tutaendelea kuogopa.